Maradhi Yasiyo na Homa

Mtu aliyelelewa katika kijiji cha bara Tanganyika au cha mwambao wa Kenya, akaijua zahanati kwa mabenchi yake ya mbao na foleni yake ya alfajiri, ana sura ya ugonjwa iliyokwisha kukaa moyoni mwake tangu utotoni, nayo ni sura ya homa: mwili huwaka, viungo huuma, mgonjwa hushikwa mkono mpaka kwa tabibu, hutolewa damu, hupewa vidonge vya siku kadhaa, humaliza dozi, na Mungu akijaalia hunyanyuka akarudi shambani. Rejista za zahanati, zile za mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania uitwao MTUHA, kwa miaka mingi zimekuwa zikiithibitisha sura hiyo, maana ukizifungua katika nchi yenye mvua na mabonde hukosi kukuta malaria, kikohozi na kichomi, kuhara, minyoo, maradhi ya njia ya mkojo, upungufu wa damu na vidonda vya ngozi, yakipokezana nafasi za mbele kwa kufuata msimu na mwinuko wa mahali. Swali tunalotaka kulichambua ni hili: mtu huyo akihamia Washwood Heath, mtaa ulio mashariki mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, na akaingia katika zahanati ya huko, huwakuta watu wanaugua nini, na kwa sababu zipi, na je, ilimu ya ugonjwa aliyokuja nayo kutoka kwao humfaa au humponza?

Rai yetu ni kwamba humponza kuliko anavyodhani. Maradhi makubwa ya mtaa ule hayana homa, hayaishi kwa dozi, na aghalabu hayaumi mpaka yamekwisha kuharibu. Ilhali mgonjwa, na pengine jamaa zake wote wanaomshauri, bado wanayapokea kwa adabu ya malaria.

Kwanza mahali penyewe. Washwood Heath umelala kando ya barabara yenye jina hilo hilo, ukipakana na Saltley, Alum Rock na Ward End, na kaskazini yake hupita barabara kuu ya M6 pamoja na yale makutano ya Gravelly Hill yaliyofunguliwa mwaka 1972, ambamo magari hupanda na kushuka usiku na mchana. Ulikuwa mtaa wa viwanda. Hapo palikuwa na karakana za Metro-Cammell, zilizounda mabehewa ya reli ya chini ya ardhi ya London na mwishowe treni za Pendolino, zikafungwa mwaka 2005. Na jirani yake, Drews Lane, palikuwa na kiwanda cha magari ya LDV kilichosita mwaka 2009. Wazee waliotoka Mirpur, huko Kashmir ya upande wa Pakistani, wengi wao baada ya bwawa la Mangla kuyameza mashamba yao katika miaka ya 1960, walikuja kushika zamu za usiku katika viwanda vya namna hiyo. Wajukuu zao leo huendesha teksi, hupeleka vifurushi na kuuza katika maduka ya Alum Rock Road. Baada yao walikuja Wasomali, baadhi moja kwa moja kutoka katika vita vilivyoanza mwaka 1991 na wengine kwa kupitia Uholanzi na nchi za Skandinavia; na katika jiji zima wamo pia Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi ambao Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kazi ya mikono iliyowachosha wazee imeondoka, na mahali pake imekuja kazi ya kukaa kitako saa kumi na mbili, au kukosa kazi kabisa. Mabadiliko hayo ya kazi, kwa maoni yetu, yameandika sehemu kubwa zaidi ya mafaili ya zahanati kuliko asili ya damu ya watu, ingawa damu nayo ina neno lake kama tutakavyoona.

Kile ambacho wagonjwa wenyewe huja kukilalamikia hakitatuweka sana. Ni mafua na kikohozi, hasa kuanzia Oktoba; maumivu ya mgongo na ya magoti; kiungulia na vidonda vya tumbo; pumu ya ngozi ya watoto; uchovu; kizunguzungu. Kuhara kupo, lakini si janga, wala hakuui watoto, na sababu yake haimo zahanatini hata kidogo: mwaka 1904 Birmingham ilifungua mfereji wa kuleta maji kutoka mabonde ya Elan huko Wales, mwendo wa maili 73, na mwaka 1964 ikawa jiji kubwa la kwanza nchini humo kutia floridi katika maji hayo kwa ajili ya meno. Hivyo basi nusu ya rejista ya zahanati ya shamba ilifutwa na mafundi wa mabomba kabla tabibu hajavaa koti lake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba Mzungu amewashinda wadudu wa tumbo kwa vidonge.

Sasa twende kwenye kiini. Ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili ndio unaoitawala zahanati ya Washwood Heath na mitaa yote inayofanana nayo. Watu wenye asili ya Bara Hindi hupatwa na ugonjwa huu mara mbili mpaka nne kuliko Wazungu, na huwapata mapema zaidi kwa miaka mingi na katika miili isiyoonekana minene. Watu wenye asili ya Afrika nao wamo katika hatari iliyozidi. Ndiyo maana taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, NICE, ilishauri mwaka 2013 kwamba kile kipimo cha uzito kwa kimo kisihesabiwe sawasawa kwa watu wote, bali mtu mwenye asili ya Asia au ya Afrika ahesabiwe yumo katika hatari kubwa afikapo 27.5, badala ya kungojea 30 kama Mzungu. Mama wa Kisomali au wa Kiswahili mwenye mwili wa wastani, ambaye kwao angesifiwa kuwa ana siha, huambiwa na muuguzi kwamba yu karibu na hatari, na huondoka akiamini ametukanwa.

Kipimo cha kisukari kinachotumika hakiangalii sukari ya asubuhi hiyo peke yake. Huangalia jinsi damu ilivyokaa kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na afikishaye 48 huandikwa kuwa ana kisukari, na aliye kati ya 42 na 47 huonywa. Kwa hiyo hila ile ya kufunga chai na mkate siku mbili kabla ya kwenda kupimwa, ambayo wazee wa mataifa yote wanaijua, haisaidii. Na hapa ndipo sura ya homa inapoleta madhara yake. Aliyefundishwa na malaria hujua kwamba dawa humezwa ukiwa mgonjwa na huachwa ukipona. Naye akiisha kumeza vidonge vya kisukari au vya presha kwa mwezi mmoja, akapimwa akaambiwa hali ni njema, huona dozi imekwisha. Haachi kwa ukaidi wala kwa ujinga. Anafuata kanuni ambayo imemwokoa maisha tangu utotoni. Daktari naye, ambaye hakupata kuumwa malaria hata siku moja, hawezi kufikiri kwamba iko haja ya kumwambia mtu kuwa dawa hii haina mwisho. Wote wawili wanasema kweli, na baada ya miaka kumi ni figo, macho na vidole vya miguu vinavyolipa.

Shinikizo la damu ni ndugu yake kisukari, ila lenyewe ni la kimya zaidi. Huwaelemea hususan watu wenye asili ya Afrika, na miongozo ya Uingereza hupendekeza wale wasio na kisukari waanziwe dawa za jamii ya amlodipini mahali pa zile za jamii ya ramiprili zinazotangulizwa kwa vijana wa Kizungu, kwa kuwa hizo za pili peke yake huwa na nguvu ndogo zaidi kwao. Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni bei. Katika England mwenye kisukari anayetumia dawa husamehewa malipo ya dawa zake zote, lakini mwenye presha peke yake, akiwa hajatimiza miaka 60 wala hana msamaha mwingine, hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa kwa kima cha mwaka 2024. Dereva wa teksi mwenye watoto watano huifanya hesabu hiyo, naye si mtu wa kulaumiwa akiona kwamba ugonjwa usiomuuma unaweza kungoja mshahara ujao.

Alikuwako daktari mmoja wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart wa Glyncorrwg, aliyeamua kutowangoja wagonjwa wa presha waje, bali kumpima kila mtu mzima wa kijiji chake, na baada ya miaka 25 vifo vya mapema katika kijiji kile vilikuwa vichache kuliko vya kijiji jirani. Huyo ndiye aliyeandika mwaka 1971, katika jarida la The Lancet, kwamba tiba njema hupatikana kidogo zaidi pale inapohitajiwa zaidi. Maneno yake yaliwahusu Wazungu maskini, lakini anayejua kungoja simu ya zahanati saa mbili asubuhi katika mitaa ya Birmingham ya mashariki, ili apate dakika kumi za daktari, hatahitaji kufasiriwa. Twaona kwamba tadbiri ya Tudor Hart, ya tabibu kuutafuta ugonjwa badala ya kuungoja, ndiyo peke yake inayolingana na maradhi yasiyo na homa. Na kwa bahati njema watu wetu wanapo mahali pa kuitumia, maana msikiti na kanisa huwakusanya kila juma wanaume wale wale wasiokanyaga zahanati.

Ramadhani inastahili kusemwa peke yake. Zanzibar mfungaji hukaa saa kumi na tatu na kitu mwaka mzima. Birmingham, ambayo iko nyuzi 52 kaskazini, Ramadhani ikiangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016, hukaa saa kumi na nane na zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, aweza kuzimika sukari ikishuka alasiri, ilhali anayetumia metformini peke yake hana hatari kubwa hivyo. Tofauti hiyo yapasa ijulikane kabla ya mwezi kuandama, wala si katika kumi la mwisho. Ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Qurani yenyewe. Lakini mzee aliyefunga kwa miaka hamsini hali chakula cha mchana kwa kuwa kijana wa zahanati amemwambia, na imamu mmoja aliyefahamishwa vizuri hufanya kazi ya madaktari wengi.

Baada ya hayo ni jua, au tuseme kukosekana kwake. Kuanzia Oktoba mpaka Machi miale ya jua la Uingereza haina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na kadiri ngozi ilivyo nyeusi na mavazi yalivyo ya stara, ndivyo hata jua la kiangazi linavyopungukiwa. Uchunguzi uliofanywa katika majimbo ya West Midlands na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba, miongoni mwa watoto wasiotimiza miaka mitano, dalili za upungufu huo zilionekana kila mwaka kwa watoto 95 katika kila 100,000 wenye asili ya Afrika na Karibiani, na 38 kwa wenye asili ya Bara Hindi, wakati kwa Wazungu hawakufika hata mmoja. Hizo dalili ni matege, degedege, mtoto kuchelewa kutembea. Na kwa watu wazima ni yale maumivu ya nyonga na mapaja ambayo wanawake wengi huyaita baridi, wakayapaka mafuta ya karafuu kwa miaka. Haya ni maradhi ambayo Mwafrika wa kijijini aghalabu hayajui, kwa kuwa hapana aliyemwuzia jua; na kinga yake ni tone au kidonge cha maikrogramu 10 kwa siku, ambacho serikali tangu mwaka 2016 humshauri kila mtu akitumie wakati wa baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Birmingham ilipoanza kugawa matone hayo bure kwa kina mama na watoto, upungufu wenye dalili ulishuka kwa zaidi ya nusu katika muda wa miaka michache. Ni mara chache idara ya afya hupata ushindi rahisi namna hii.

Kifua cha watu wa Washwood Heath hudhikika kwa sababu mbili: hewa ya nje na hewa ya ndani. Ya nje inatokana na magari. Na ile amri ya hewa safi iliyoanza tarehe 1 Juni 2021, inayowatoza ada wenye magari machafu, imekomea kwenye barabara ya mzingo wa kati, nje kabisa ya mtaa huu. Ya ndani ni ya nyumba za matofali zilizoshikana, za zamani, zenye unyevu, ambamo kuvu nyeusi hupanda nyuma ya kabati na watoto wanne hulala chumba kimoja. Mtoto wa miaka miwili, mwana wa wazazi Wasudani, alifariki Rochdale mwezi wa Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu ya namna hiyo, na sheria ya mwaka 2023 ya nyumba za kijamii ikatiwa kifungu kinachojulikana kwa jina lake. Lakini wapangaji wengi wa mitaa hii wamo katika nyumba za watu binafsi. Daktari anayempa mtoto wa nyumba hiyo pampu ya pumu kila mwezi anajua vizuri kwamba anaitibu nyumba kupitia kifuani mwa mtoto.

Kifua kikuu nacho hakijaondoka. Wagonjwa wake walio wengi katika England, zaidi ya theluthi mbili, ni watu waliozaliwa nje ya nchi, na mara nyingi hawakuambukizwa Uingereza; walikuja nacho kimelala, kikaamka baada ya miaka. Tena huamkia mahali pasipodhaniwa, kwenye tezi za shingo au uti wa mgongo, bila kikohozi. Matibabu yake ni bure kwa kila mtu, awe na karatasi za ukaazi au asiwe nazo. Hili lisemwe kwa sauti, kwa sababu wako wanaojificha na ugonjwa unaotibika kwa miezi sita wakidhani muuguzi ni afisa wa uhamiaji.

Hatuwezi kuwasahau watoto wachanga, ingawa jambo lenyewe ni la kuendewa kwa hadhari. Kati ya mwaka 2018 na 2020 Birmingham ilikuwa ikipoteza takriban watoto saba kabla ya kutimiza mwaka mmoja katika kila 1000 waliozaliwa hai, ambapo wastani wa England haukufika hata wanne. Baadhi ya watu huharakisha kuisingizia ndoa ya binamu peke yake. Uchunguzi mkubwa wa Bradford, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba ndoa hiyo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema kutoka asilimia 3 hivi mpaka 6. Si jambo dogo, wala si hukumu, maana watoto 94 katika mia huzaliwa salama. Umaskini, kuzaliwa kabla ya wakati, na kuchelewa kwenda kliniki ya wajawazito vina sehemu yao, na Mwafrika asiyeoa binamu yake naye hufiwa. Katika mlango huo huo hupimwa selimundu, ambayo kila mtoto azaliwaye England huchunguzwa kwa tone la damu la kisigino. Urithi huo babu zetu waliubeba kwa kuwa nusu yake huwakinga na malaria, na ugenini umebaki gharama bila faida.

Chanjo ndiyo sura ambayo jiji hili limetajwa kwayo nchi nzima. Kati ya Oktoba 2023 na Januari 2024 surua ililipuka West Midlands, wagonjwa 216 wakathibitishwa na wengine 103 wakashukiwa, na takriban wanne katika kila watano walikuwa wa Birmingham, wengi wao watoto wa chini ya miaka kumi. Wazazi wengi hawakuwa wapinzani wa chanjo. Baadhi walisikia kwamba ina jelatini ya nguruwe, na kweli mojawapo ya chanjo mbili zilizotumika wakati ule ilikuwa nayo, lakini ya pili haikuwa nayo na ilitolewa kwa kuombwa. Habari hiyo ndogo ilichelewa kuwafikia. Historia ina kejeli zake hapa. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Na mtu wa mwisho kufa kwa ndui alikuwa Janet Parker, mpiga picha wa chuo kikuu cha Birmingham, Septemba 1978, aliyelazwa kwanza katika hospitali ile ile ya East Birmingham ambayo leo, kwa jina la Heartlands, ndiyo inayowapokea wagonjwa wa Washwood Heath. Maalin alikuwa ameikwepa sindano. Baadaye akawa mhubiri wa chanjo ya polio mpaka kufa kwake mwaka 2013.

Huzuni ya nafsi tutaigusa tu, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa haiji kwa jina lake. Huja ikiwa kichwa kinachouma, moyo unaodunda, mwili unaowaka usiku, na mama huieleza kwa kinywa cha binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye amekuwa mkalimani na ambaye ndiye mtu wa mwisho mama huyo angependa amsikie. Mkalimani wa simu hupatikana kwa kuombwa wakati wa kupanga miadi; wengi hawajui kwamba wana haki ya kumwomba.

Limebaki jambo moja, nalo ni kinyume cha yote tuliyoyasema. Shule zikifungwa mwezi wa Julai, familia za Birmingham huruka kwenda Mombasa, Mogadishu, Kampala au Dar es Salaam, na wazazi huwaambia watoto kwamba wao ni wenyeji, hawahitaji vidonge vya kujikinga. Kumbe kinga ya malaria hupungua mtu akikaa miaka michache bila kuumwa na mbu, na mtoto aliyezaliwa Birmingham hakuwa nayo tangu awali. Maalin mwenyewe, mwana wa nchi, alikufa kwa malaria akiwa katika kazi ya chanjo. Msafiri hurudi Septemba, homa humpanda katika msimu wa mafua, na tabibu wa mtaa, ambaye kila siku yumo katika kisukari na presha, humpa dawa ya maumivu na kumshauri apumzike. Aina kali ya malaria aghalabu hujitokeza katika miezi mitatu baada ya kurudi, na yaweza kuua katika siku chache. Kwa hiyo sharti mgonjwa mwenyewe, au aliyemsindikiza, atangulize kusema alikotoka na tarehe aliyorudi, na aombe apimwe damu siku hiyo hiyo.